Dada, umeruka mstari

Jana usiku yule wangu wa pili alinifuata jikoni na daftari lake. Kapewa insha ya hoja, inakusanywa leo: wamachinga waondolewe kando ya barabara, unga mkono au pinga. Akaniuliza, "Mama, lazima uamini unachokiandika, au unaandika tu upate maksi?"

Nilikuwa nakuna nazi. Nikamwambia asubiri nimalize. Nilipomaliza nikachukua nyingine, ambayo sikuwa na haja nayo, nikaanza kuikuna.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha tatu. Tulikuwa bado tunakaa Mbagala, mama anauza maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye vifuko vya nailoni. Mwalimu wa Kiswahili aliandika ubaoni: mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini. Darasa zima liliunga mkono. Masika ya mwaka ule yalikuwa yametutesa, mitaro ya mtaani imejaa marambo, maji yanapita sebuleni kwa watu. Niliandika kwa hasira ya kweli. Nilieleza jinsi nailoni isivyooza, jinsi ng'ombe na mbuzi wanavyoila jalalani ikawakaa tumboni, jinsi mbu wanavyozaliana mtaro ukiziba. Nikatoa mfano wa Zanzibar, waliokataza tangu 2006, nikauliza: wenzetu wameweza, sisi tunashindwa nini?

Na kwa kuwa mwalimu alitufundisha kwamba hoja lazima ioneshe chanzo cha tatizo, niliandika chanzo. Niliandika kwamba chanzo ni wachuuzi wasiojali, wanaotanguliza tumbo lao na kuacha mji uzame kwenye taka.

Nilipata 18 kati ya 20. Kando ya sentensi ile palikuwa na vema kubwa ya wino mwekundu, na chini mwalimu ameandika nije kuisoma mstarini kesho yake.

Nilifika nyumbani nimeshikilia daftari mkononi, halikuingia hata kwenye begi. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, sufuria kubwa la maji mbele yake, yale aliyoyachemsha alfajiri na kuyachuja kwa kitambaa cheupe. Naweza kuuchora mkono wake hata sasa. Anasugua kifuko kwa vidole viwili mpaka kifungue mdomo. Anachota kwa kikombe cha bati, anamimina, tone halidondoki. Anaizungusha shingo ya kifuko kwenye kidole cha shahada, anapiga fundo, anakilaza kwenye beseni. Mdogo wangu anavihesabu na kuvipeleka kwenye friji. Kimoja kiliuzwa shilingi 50 pale kituoni Rangi Tatu. Ada yangu ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ni vifuko 400, hapo hujatoa mkaa, umeme wala nailoni yenyewe.

"Soma tusikie," mama akasema.

Nikasoma. Nilianza kwa sauti ya mstarini, kifua mbele. Nikapita kwenye ng'ombe, nikapita kwenye mbu, mama anaitikia kwa kichwa huku anafunga. Nilipoukaribia ule mstari, macho yangu yalikwenda kwenye beseni, yakarudi kwenye karatasi. Sikuwa nimeuona kabla ya hapo. Naapa sikuwa nimeuona. Wakati naandika, mchuuzi alikuwa mtu fulani tu wa huko mjini, hana sura, hana kigoda. Nikauruka, nikaingia aya ya Zanzibar.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anafuatisha kwa kidole.

"Dada, umeruka mstari."

Nikamwambia sijaruka. Akasema, "Huu hapa, wenye vema kubwa."

Mama hakuinua uso. "Soma wote, mwanangu."

Nikausoma. Sijui sauti ilitokea wapi. Mkono wake haukusimama: kifuko, kikombe, fundo, beseni. Alifunga kama vitatu hivi ndipo akasema, taratibu, kama anayenisahihisha chumvi kwenye mboga:

"Ya mitaro ni kweli. Maji yaliingia mpaka pale," akaonesha kwa kidevu ule mstari wa tope ukutani. "Ila huyo mchuuzi usiseme hajali. Sema hana kingine."

Kisha akasogeza beseni, nikakaa, nikaanza kufunga naye.

Usiku nilikuwa na kalamu na nilikuwa na nafasi. Ningeweza kuukata mstari ule. Sikuukata, kwa sababu ya ile vema. Asubuhi niliusoma mstarini mbele ya shule nzima, nikapigiwa makofi, na jioni nikabeba ndoo yangu kwenda Rangi Tatu kama kawaida.

Mwezi wa nne 2019 Waziri Mkuu Majaliwa alipotangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ile ni Juni mosi, nilifurahi sana, nikampigia mama. Biashara alishaiacha, magoti hayamruhusu. Akasema afadhali, mitaro itapumua. Halafu akaniuliza wale watoto wanaozungusha rambo sokoni watakwenda wapi. Hilo sikuweza kumjibu, na sijui kama alitegemea nimjibu. Kuhusu mstari ule hatujawahi kuongea tena.

Haya yote nilimsimulia mwanangu jana, nazi mbili zimeshakunwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikosea?"

"Mitaro ilikuwa imeziba kweli."

"Na bibi?"

"Bibi hakuwa na kingine."

Akalitazama daftari lake muda mrefu. Alikuwa ameshaandika ukurasa mzima na robo, mwandiko mzuri, hoja zimepangwa. "Sasa hapo mtu anaandikaje, mama?"

Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, nikamwambia anisomee alipofikia, asiruke hata mstari mmoja.