Tafakari ya wiki: "Sina mtu" (Yohana 5:1–9)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mkazi wa Dodoma hahitaji kufafanuliwa habari za birika la Bethzatha, pale Yerusalemu, ambako wagonjwa walingoja maji yatibuliwe ili wa kwanza kuingia apone. Watu wamejaa, macho yote yako kwenye maji, hakuna ajuaye yatatibuka saa ngapi, na yakitibuka anayewahi ndiye anayepata. Sisi tunaita mgao. Nyumba ninayopanga huku Nkuhungu ina wapangaji sita na bomba moja la uani. Yakitoka saa nane usiku unasikia kwanza bomba likikoroma hewa, halafu milango, halafu madumu yakiburuzwa kwenye sementi.

Yule mgonjwa alikuwa na miaka 38 katika hali ile. Yesu akamuuliza, "Wataka kuwa mzima?" Hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema: "Bwana, mimi sina mtu wa kunitia birikani, maji yanapotibuliwa." Mstari huu naujua tangu shule ya Jumapili, ila siku zote nilikuwa naukimbia niwahi kwenye muujiza, kwenye godoro linalobebwa. Sina mtu! Na matao yote matano ya birika yamejaa watu.

Chumba cha mwisho hapa kwetu anakaa kaka mmoja, mtumishi wa umma. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, naye baadaye akahamishwa na ofisi yake; mke na watoto wakabaki Dar es Salaam kwa ajili ya shule. Wako wengi wa namna yake, na tangu treni ya mwendokasi ianze kufika huku mwaka 2024, wanaoweza huenda kwao mwisho wa wiki. Kwa hiyo tulimzoea kama "yule wa Dar". Salamu asubuhi, salamu jioni, basi.

Ijumaa moja alijifungia mapema, nikajua kasafiri. Jumatatu usiku maji yakatoka. Tukajaza, tukafunika, tukarudi kulala. Asubuhi nikayaona madumu yake mawili ya njano palepale mlangoni, makavu. Nikayapita, nikaenda kazini. Jioni naelekea ibada ya jumuiya, Biblia kwapani, zamu ya kuongoza ni yangu, mama wa dukani akaniita: "Mbona yule kaka siku hizi haji kuchukua yai lake?" Yai moja, kila jioni. Mwenye duka alikuwa na hesabu yake; mimi tunayepakana ukuta sikuwa nayo.

Alikuwa ndani. Homa ilimlaza tangu Ijumaa, maji ya kumezea dawa yamemwishia. Mkewe alipopiga simu alimjibu yuko salama, asimtie hofu.

Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini, lakini kwa karani wa sensa hata anayepika na kulala peke yake ni kaya kamili. Daftari la jumuiya yetu limepangwa kwa familia: Baba fulani, Mama fulani. Yeye hakuwa na mstari humo, na ibada za nyumba kwa nyumba zilikiruka chumba chake kwa sababu "hana pa kuketisha watu". Vivyo hivyo bibi ambaye watoto wote wako mbali, na binti aliyeajiriwa juzi na kupanga chumba kimoja. Na huyo binti tukikutana naye, ushauri wetu ni mmoja: olewa. Mstari wa Mwanzo, "Si vema huyo mtu awe peke yake", tumeufungia kwenye harusi, kana kwamba Mungu alikuwa anamsemea mshenga.

Yesu alimwona yule mgonjwa, akajua amekaa hali ile siku nyingi, kisha akauliza. Mimi nilikuwa nimeona madumu.

Yule kaka alipopata nafuu nilimuuliza kama tungeweza kufanya ibada kwake. Akacheka, akasema viti anavyo viwili. Alhamisi tulikwenda tisa. Wengine walikaa kitandani, mzee wa jumuiya akakalia ndoo iliyopinduliwa. Yeye alichemsha chai kwenye kisufuria cha mtu mmoja, awamu tatu. Siku hiyohiyo tulibadilishana namba za simu, akamwachia mama wa dukani ufunguo wa akiba.

Wiki iliyopita maji yalitoka saa tisa usiku, mimi nimelala fofofo. Nilipofungua mlango asubuhi, madumu yangu yalikuwa yamejaa, yamefunikwa, yamepangwa karibu na ukuta nisije nikajikwaa.