Alama za mtihani ambao haujaisha

Barua pepe ilifika Jumatatu, nikaifungua Alhamisi. Tangu nitume maombi ya kuhamia chuo kikuu kile walikuwa wakiniandikia kila baada ya siku mbili, mara picha za mabweni, mara mwaliko wa kwenda kutembezwa, nikazoea kuzipita bila kusoma. Hii ilikuwa fupi: ofisi ya udahili inaomba alama zangu za masomo yanayoendelea, ziwe zimethibitishwa na walimu, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilikuwa kwenye basi asubuhi, hapa Dallas, natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Usingizi wote ulikata, maana nilijua hali yangu ya Kemia.

Kwa ambao hawajapita njia hii: Marekani unaweza kuanza kwenye chuo cha jamii, kile cha miaka miwili chenye ada nafuu, halafu ukaomba kuhamia chuo kikuu na kuendelea na mwaka wa tatu. Vyuo vingi hupokea maombi ya wanaohama mpaka mwezi wa tatu hivi, wakati muhula wa pili uko katikati. Transkripti yako, ile karatasi rasmi ya alama, inaishia Desemba, na wao wanataka kujua leo umefika wapi. Kwenye Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo, iko fomu ya kazi hiyo: unaorodhesha masomo, kila mwalimu anaandika alama uliyo nayo siku ile, anatia sahihi.

Nilimpigia mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Muheza. Alinyamaza kidogo.

"Wanataka alama za mtihani ambao haujaisha?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hizo ni alama au ramli?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Kidato cha Sita unafanya mtihani mwezi wa tano, unarudi nyumbani kusubiri, mwezi wa saba matokeo yanatoka na mtaa mzima unajua. Hakuna anayekuuliza katikati ya safari kwamba, kijana, unaendeleaje.

Kazini nina dada mmoja wa Kisumu aliyewahi kuhama chuo kabla yangu. Nilipomwonyesha ile barua alisema, "Wewe, tulia. Kwanza hakikisha ni wao." Ushauri mzuri kuliko nilivyodhani. Sikubonyeza kiungo cha kwenye barua, niliingia mwenyewe kwenye akaunti yangu ya mwombaji, nikakuta ombi lilelile kwenye orodha ya vitu vinavyokosekana. Dada aliongeza kwamba wakikuomba alama ujue wanakutaka. Hapo sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubali. Faili langu lilikuwa na pengo, wakaomba lijazwe, basi.

Shida ilikuwa kalenda. Kesho yake, Ijumaa, ndiyo siku ya mwisho kabla ya likizo ya wiki nzima, walimu wote wanatawanyika. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja, na kwenye mfumo wa chuo Kemia ilisomeka asilimia 64. Hiyo ni D, na vyuo vingi havikubali kuhamisha somo lililo chini ya C.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwezi wa pili kama ningekuwa na akili: nilichukua karatasi ya maelezo ya somo, nikapiga hesabu mwenyewe. Mitihani ya muhula ni asilimia 45, maabara 25, kazi za nyumbani 10, wa mwisho 20. Mtihani wa kwanza nilipata 68, hilo ni langu, niliufanya nikitoka zamu. Kazi za nyumbani 95. Lakini maabara ilikuwa 45, na nilipofungua ndani nikaona ripoti nne: 92, 88, sifuri, sifuri. Zile mbili za sifuri nilikuwa nimezikabidhi kwa mkono wangu.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu wa Kemia kabla yeye hajafika. Sikuanza na fomu. Nilianza na zile sifuri. Akavuta droo, akatoa bunda la ripoti lililofungwa kwa mpira, akawa anapekua huku kikombe cha kahawa kikiwa mkono wa pili. Zangu zilikuwa karibu na chini, zimeshasahihishwa kwa kalamu ya kijani: 85 na 91. Alikuwa hajaziingiza tu. Akaziingiza pale pale nikitazama, 64 ikawa 78. C+. Ndipo nikamtolea fomu.

Wa Hesabu na wa Takwimu walisaini wamesimama. Mwalimu wa Uandishi alikuwa ameshaondoka, nikamwandikia kwa barua pepe ya chuo, si ile yangu ya kawaida, kwa sababu walimu wengi hapa wanaiogopa FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya siri za taarifa za mwanafunzi, na hawajadili alama kwenye anwani wasiyoijua. Alijibu Jumapili, na udahili wakasema barua yake inatosha badala ya sahihi.

Kuna jamaa alinishauri niidondoshe Kemia kabla sijatuma, ibaki W, alama ya somo uliloliacha njiani, badala ya C+. Nilikataa. Kozi niliyoomba inaidai Kemia, na ukibadilisha ratiba uliyoijaza kwenye maombi unatakiwa uwaambie, kwa hiyo ungekuwa umefuta swali moja na kuandika jingine.

Kilichonichosha zaidi ni maelezo ya ile C+. Rasimu ya kwanza ilijaza ukurasa. Nilimweka baba mdogo aliyelazwa, nikaweka basi linalochelewa, nikaweka mpaka baridi. Niliposoma kwa sauti nikaona haya. Nikafuta, nikabakiza sentensi nne: mtihani wa kwanza nilipata 68, tangu hapo nimepunguza zamu za usiku kutoka nne hadi mbili, maabara wastani wangu ni 89, mtihani wa pili uko mapema mwezi wa nne na nitawaletea alama yake ikitoka. Nikatuma Jumatatu, siku nne kabla ya mwisho.

Wakajibu mstari mmoja, kwamba wamepokea. Mtihani wa pili nilipata 84, nikawatumia pia, safari hii hata hawakujibu.

Mwezi wa tano nikapata nafasi, kwa sharti kwamba nilete transkripti ya mwisho na pasiwe na somo chini ya C. Kemia ilifungwa na B. Nilimpigia mama usiku wa huko, nikamsomea alama zote nne.

"Sasa hayo ndiyo matokeo," akasema. Halafu akauliza kama huko ninakokwenda nako wana fomu za katikati ya muhula, ili ajue mapema.