Mji Mdogo Ambao Msanii Anaweza Kuzeekea

Kila nikija likizo Dar es Salaam, wasanii wenzangu wa Mikocheni na Msasani huniuliza jambo lilelile kabla salamu hazijaisha: Marekani yote ile, New York ipo, Chicago ipo, wewe ukaona ukakae mji ambao hata kwenye ramani tunautafuta? Naishi Paducah, jimbo la Kentucky, mji wa watu kama 27,000, pale Mto Tennessee unapoingia Mto Ohio. Kwa hesabu za Dar hiyo ni kata moja, tena si kata kubwa. Safari hii nimeona nijibu kwa kirefu, kwa sababu wapo vijana ambao makaratasi yao yako tayari, na wengi wao wanachagua mji kwa kusikia jina tu.

Kazi yangu ni vitambaa. Nakata khanga na vitenge, naviunga mpaka vipande vitoe picha, naweka tabaka la pamba katikati na kitambaa kingine chini, kisha nashona vyote kwa pamoja. Wamarekani wanaiita kwilti. Inataka meza pana, mwanga, na saa nyingi za utulivu. Nilipofika kule nilianzia mji mkubwa, kama wengi wetu, kwa kuwa ndiko ndugu waliko. Usiku nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, mchana nalala, na chumba nilichopanga kilitosha kitanda na cherehani. Majumba ya makumbusho yalikuwa karibu, na nilikwenda. Lakini sikuwa na pa kutandaza kitambaa, na mwaka ukipita bila kutandaza kitambaa mkono unaanza kusahau. Ndipo nikaanza kutafuta mji mdogo unaowajali wasanii.

Miji inayojiita ya sanaa ni mingi mno kule. Yote ina tamasha, yote ina michoro ukutani, yote ina mtaa wenye maduka ya picha. Ukiitazama kwa vitu hivyo huwezi kuitofautisha. Mimi nilishika swali moja: je, wasanii wazee bado wanaishi hapa? Sisemi wenye maduka. Nasema mchoraji au mfinyanzi wa miaka sitini, sabini, mwenye nyumba yake, anayefungua karakana yake asubuhi. Akiwepo mmoja, wakawepo kumi, basi mji huo una nyumba ambayo msanii anaimudu, una wanunuzi wanaorudi, na una hospitali. Ukikuta picha zinauzwa lakini wazee wa kazi hiyo hawapo, ujue wenye mji ni wafanyabiashara, na wewe utakaa mpaka kodi ipande.

Chukua Marfa, Texas, ambao vijana wengi wanaujua kwa picha za mitandaoni. Msanii Donald Judd alitoka New York akahamia huko miaka ya 1970, akanunua majengo, yakiwemo ya kambi ya zamani ya jeshi, na taasisi yake ya Chinati ikafunguliwa mwaka 1986. Kazi zilizopo pale ni kubwa kweli, na mtu akipata nafasi aende akazione. Lakini mji una watu wasiofika 2,000, uko jangwani, na El Paso ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Umaarufu ulipandisha bei za nyumba kuliko kipato cha wenyeji. Judd alikuta majengo ya bei ndogo. Wewe ukienda leo unakuta bei alizoziacha yeye, na sanaa yako itaanza kwa deni.

Uingereza kuna St Ives, pwani ya Cornwall. Bernard Leach na Shoji Hamada walianzisha karakana yao ya ufinyanzi pale mwaka 1920. Mchongaji Barbara Hepworth alihamia eneo hilo mwaka 1939 akaishi huko mpaka kifo chake mwaka 1975. Tate, makumbusho makubwa ya sanaa ya Uingereza, wakafungua jumba lao pale mwaka 1993. Matajiri wa mijini wakanunua nyumba za kupumzikia, hata mwaka 2016 wakazi wakapiga kura kwamba nyumba mpya ziwe za watu watakaoishi humo kama makazi yao ya kudumu. Fikiria mji umefika mahali unapiga kura ili watu wake wapate pa kulala. Ufinyanzi ni mojawapo ya sanaa zilizoupa mji ule sifa, na mfinyanzi kijana anayeanza leo hawezi kununua nyumba humo.

Nilipowaeleza haya wenzangu pale Mikocheni, kijana mmoja mchoraji akasema, "Dada, sasa hiyo si ndiyo Oysterbay?" Ndiyo, mdogo wangu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za makopo juu ya mbao za kubandika dari, na kazi zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, palepale Oysterbay. Alipofariki mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora eneo lilelile, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Leo ardhi ya pale ni ya mabalozi na matajiri, na mchoraji mmoja peke yake asingeweza kupanga hata kibanda. Kwa maoni yangu ushirika ndio uliowabakiza. Kipaji walikuwa nacho wengi hapa mjini, na wengi wao hatujui walikoishia.

Sasa Paducah. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mtaa wa zamani unaoitwa Lower Town ambao nyumba zake za karne ya kumi na tisa zilikuwa zimechakaa. Mwaka 2000 mji ukaanzisha mpango wa kuwavuta wasanii wahamie humo. Nyumba mbovu ziliuzwa kwa bei ya chini sana, nyingine kwa dola 1, kwa sharti kwamba mnunuzi aikarabati. Benki ya palepale ilikubali kukopesha zaidi ya thamani ya nyumba, kwa kuwa nyumba iliyobomoka haina thamani mpaka itengenezwe, na benki nyingi zingekukatalia hapohapo. Na kubwa kuliko yote, kanuni za matumizi ya ardhi zilibadilishwa ili nyumba moja iwe makazi, karakana na duka.

Hili la mwisho linahitaji maelezo kwa mtu wa Dar. Uswahilini mtu anaweka genge barazani kwake, au fundi anatoa cherehani nje, na maisha yanaendelea. Marekani sivyo. Eneo la makazi ni la makazi, na ukifungua duka sebuleni jirani anaweza kukushtaki kwa mji. Kwa hiyo msanii analipa kodi mbili, ya kulala na ya kufanyia kazi, na nyingi ya ndoto zetu zinafia kwenye hiyo kodi ya pili. Ukitafuta mji, kabla ya kuuliza habari za tamasha, nenda ofisi ya mipango miji uliza kama mtaa unaoutaka unaruhusu kuishi na kuuza chini ya paa moja. Ni swali la dakika tano na litakuokolea miaka.

Wasanii zaidi ya 70 walihamia kwa mpango ule. Uchumi ulipotikisika baada ya mwaka 2008, baadhi ya maduka ya sanaa yalifungwa, na sitaki mtu aende akidhani nyumba za dola 1 bado zinamngoja. Lakini majirani zangu wamenisimulia jinsi ilivyokuwa: aliyekuwa amenunua alifunga duka akabaki na nyumba yake, akaendelea kufanya kazi. Aliyekuwa amepanga ndiye aliyeondoka. Baadhi ya wale walionunua wana mvi sasa, na ndio walionionyesha nipitie wapi.

Kwangu kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni kazi yenyewe. Paducah kuna makumbusho ya taifa ya kwilti, yaliyofunguliwa mwaka 1991, na mwezi wa nne huwa na wiki ya maonyesho inayoleta wageni wanaokaribia au kuzidi idadi ya wakazi. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha yake ya miji bunifu mwaka 2013 kwa ajili ya ufundi na sanaa za jadi. Maana yake kwa mtu kama mimi ni hii: mama mzee anakuja mbele ya kazi yangu, haulizi bei, anaigeuza atazame mgongo wake, ahesabu mishono kwa kidole. Kule mji mkubwa watu waliniambia rangi ni nzuri wakapita. Paducah wananiuliza kwa nini pindo nimelielekeza hivi, kwa nini mji wa khanga, yaani ile sehemu ya katikati, nimeupasua lakini jina nimeliacha zima. Nawaeleza kwamba jina silikati, kwa sababu aliyenunua doti ile Mtaa wa Uhuru alichagua maneno yale, na nawasomea. Kuna waliorudi mwaka uliofuata wakiwa wanakumbuka maneno. Msanii anakua mbele ya macho yanayojua. Anayefinyanga atafute mji wa wafinyanzi, anayechonga atafute wa wachongaji. Sifa ya jumla ya "mji wa sanaa" haitoshi.

Fedha nizitaje kwa ufupi. Duka la sanaa kule kwa kawaida huchukua asilimia 40 hadi 50 ya bei, kwa hiyo usishangae. Kwenye maonyesho ya nje unalipia nafasi ya hema la futi 10 kwa 10, mauzo yawepo yasiwepo, na Kentucky kodi ya mauzo ni asilimia 6 ambayo lazima uikusanye na kuipeleka mwenyewe. Ndiyo maana napenda mji ambao hautegemei sanaa peke yake. Paducah ni mji wa meli za mizigo za mtoni, una hospitali, na kwa muda mrefu ulikuwa na kiwanda cha kurutubisha urani kilichoanza mwaka 1952 kikaacha uzalishaji mwaka 2013. Kazi ya mshahara ipo. Mimi bado nahudumia wazee siku chache za wiki, na sioni aibu kusema hivyo.

Bima ya afya nayo inategemea jimbo, jambo ambalo ndugu zetu wengi hawalijui mpaka waumwe. Kentucky ilipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, mwaka 2014. Texas haijafanya hivyo. Na wenye green card wengi wao husubiri miaka 5 kabla ya kustahili, kwa hiyo katika miaka hiyo unanunua bima au unatafuta mwajiri anayetoa. Msanii wa kujitegemea aliweke hili kwenye hesabu kabla ya kodi ya nyumba.

Shangazi yangu wa Magomeni hakuuliza habari za bima wala kodi. Aliuliza, "Mwanangu, ukiumwa usiku nani atakugongea mlango?" Ndilo swali zito kuliko yote haya niliyoandika. Mji mdogo wa Marekani hauna daladala wala bajaji, bila gari wewe ni mfungwa. Siku nyingine unapita wiki nzima hujasikia Kiswahili ila kwenye simu. Lexington na Louisville, mwendo wa saa nne hivi kutoka kwangu, Waswahili ni wengi, hasa ndugu zetu wa Kongo, na huwa naendesha mpaka huko sikukuu zikifika. Nashville ni karibu zaidi, kama saa mbili, na ndiko ninakonunua unga wa ugali na samaki wakavu. Wapo waliokuwa wananitazama mara mbili dukani miezi ya mwanzo. Nilimjibu shangazi ukweli: kuna jirani, mfumaji, mama wa miaka sabini na zaidi, ana ufunguo wa nyumba yangu nami nina wake. Akaniuliza jina lake ili amwombee. Kama mji unaoutaka huoni nani angeshika ufunguo wako, usihamie bado. Nenda kwanza mwezi wa kwanza, baridi ikiwa kali na wageni hakuna, uone nani anakusemesha.

Na kuhusu viza: viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kama kazi hiyo ni kusimama kwenye hema lako. Anayealikwa maonyesho aulize waandaaji na mwanasheria kabla ya kufunga mzigo.

Jambo moja wenzangu hawakutegemea nilitaje ni Bagamoyo. Kilomita 70 tu kutoka hapa, kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kuna wapiga ngoma, wachongaji na wachoraji waliosomea pale wakaoa, wakaolewa, wakajenga, wakazeekea hapohapo. Lile swali langu ukilipeleka Bagamoyo linajibiwa vizuri kuliko miji mingi niliyopita Marekani. Tatizo ni kwamba viwanja vinapanda bei kila mwaka, na wanaonunua si wasanii. Niliwaambia: nendeni sasa, nendeni kama kundi, mpate eneo lenye hati kwa jina la ushirika, makazi na karakana pamoja.

Wamelichukua. Wameanza kuulizia viwanja, nami nimeahidi kuchangia kutoka kwenye mauzo ya mwezi wa nne. Nimewaomba wasajili ushirika kwanza, wathibitishe kila kiwanja kwa afisa ardhi wa halmashauri, ndipo wampe dalali shilingi yoyote.