Picha 36 kwa Mkono wa Mtoto

Kila Jumamosi asubuhi ninawafundisha watoto wa mtaa wetu kupiga picha kwa kamera ya filamu, Pentax K1000, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1976 na huhitaji betri kwa ajili ya kipima mwanga pekee. Mengine yote, kuanzia kulenga hadi kusogeza filamu, hufanywa kwa mkono. Naipenda kwa sababu haimfanyii mtoto uamuzi wowote.

Tunaanza na jua. Kwa filamu ya kasi ya 400, yaani kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga, jua likiwaka bila wingu, tundu la lenzi huwekwa kwenye namba 16, ambayo ni tundu dogo, na shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, kwenye 1/500 ya sekunde; mtoto akiingia chini ya mwembe, hana budi kulipanua tundu na kujiuliza alipanue kwa kiasi gani. Juma lililopita msichana wa miaka 10 alimkaribia bibi yake aliyekuwa akikuna nazi, akazungusha pete ya lenzi taratibu, akasubiri hadi bibi alipoinua uso, ndipo akabonyeza. Filamu ile ina picha 36 tu, nayo ni ghali, kwa hiyo subira yake haikuhitaji kuhimizwa na mtu.

Picha bado hazijasafishwa, na kila tukikutana ananiuliza kama ya bibi imetoka.