Deraya za sponji kwa askari wa Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu ya mwaka juzi askari wetu wa Kirumi walivaa maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha. Masika ilikuwa imeshaanza Dar es Salaam, na mvua ilitukuta katikati ya Njia ya Msalaba. Yesu alipoanguka mara ya pili, deraya, yaani vazi la vita la kukinga kifua, ya askari aliyemshika kamba ilikuwa imelowa, ikaanza kumvuka vipande vipande. Watoto wakacheka mahali ambapo mama zao walikuwa wanalia. Mimi ndiye mlezi wa vijana pale kigangoni. Niliona aibu kwa niaba ya vijana wale waliofanya mazoezi wiki sita, na usiku ule ule nikaamua kwamba mwaka unaofuata hawatavaa boksi.

Nilikosea mwanzo kabisa, kwenye mali yenyewe. Nilinunua sponji ya godoro kwa sababu ndiyo niliyoijua. Ile ina vitundu vilivyo wazi, kwa hiyo kila kitu unachoipaka inakinywa. Gundi ilizama, rangi ikazama, na ilipokauka ikawa ngumu juu huku inakatika kama mkate mkavu. Nikapeleka kipande kwa mzee anayeshona viatu karibu na kituo cha daladala, nikamsalimia, nikamwonyesha.

"Hii ni ya kulalia, mwanangu," akaniambia. "Ukitaka kitu kisimame, tafuta ya ndala."

Alikuwa na maana ya ile sponji nzito inayokatwa soli, ambayo kitaalamu huitwa EVA. Vitundu vyake vimefungwa, kila kimoja na hewa yake ndani, ndiyo maana ndala huelea na hazinywi maji. Wauzaji wa vifaa vya viatu Kariakoo wanaikata kwa karatasi nzima. Mikeka ya watoto ya vipande vinavyopachikana nayo mara nyingi ni mali hiyo hiyo. Nilichukua ya milimita 10 kwa kifua na mabega, ya milimita 5 kwa mikanda ya tumboni, na nyembamba ya milimita 2 kwa mapambo.

Kabla ya kukata, nilitafuta sura ya kufuata. Askari waliokuwa chini ya Pontio Pilato, aliyetawala Uyahudi mwaka 26 hadi 36, wengi wao walikuwa wa vikosi vya wasaidizi, na inaelekea walivaa deraya za pete ndogo za chuma zilizosukwa. Mimi nilichagua ile ya mikanda ya chuma, ambayo wataalamu waliielewa vizuri baada ya vipande vyake kufukuliwa Corbridge, Uingereza, mwaka 1964. Najua si sahihi kabisa kwa Yerusalemu ya wakati ule. Lakini muumini aliyesimama nyuma kabisa akiiona tu anajua huyu ni Mrumi, na hilo kwangu lilikuwa na uzito zaidi.

Sasa vipimo. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningekuwa na siku moja tu ningeitumia hapa. Nilimvalisha kijana fulana kuukuu, nikamzungushia nailoni kifuani na mgongoni, juu yake nikabandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi mpaka akafunikwa kiunoni hadi shingoni. Nikamwambia avute pumzi ajae kifua, ndipo nikachora: mstari wa katikati, mstari wa ubavuni, mahali pa kwapa, na alama ndogo za kukutanisha vipande. Nikamkata taratibu ubavuni kwa mkasi wa ncha butu. Ganda lile ukililaza mezani halikubali kulala, kwa sababu mwili si meza. Linapoinuka ndipo unapotia mkato wa pembetatu, kama fundi cherehani anavyofanya kifuani mwa blauzi. Kata nusu moja tu ya mwili, halafu igeuze upate ya pili, la sivyo bega moja litakuwa juu ya jingine. Kichwa ni hivyo hivyo, ila uso uachwe wazi kabisa.

Wembe lazima uwe mkali kila wakati. Sponji hii inaua makali upesi, na wembe butu haukati, unanyofoa. Nilikuwa nanoa kwenye ule ukingo mkavu wa chini ya kikombe cha udongo, na unene wa milimita 10 niliupitia mara mbili au tatu badala ya kuulazimisha mara moja.

Kukunja kunataka moto. Sina mashine ya kupulizia joto, nilitumia jiko la mkaa uani, mkaa ukiwa umeshavaa majivu. Nilishika kipande shibiri mbili hivi juu yake, nikikigeuza bila kusimama, mpaka uso wake ukang'aa kidogo. Huo mng'ao ndio alama: vitundu vya juu vimejifunga, na sponji imelegea. Unakizungusha kwenye ndoo ya lita 20, unakishika hapo mpaka kipoe, na umbo linabaki. Ukiona moshi umeshaunguza, na moshi ule si wa kuvuta. Gundi nayo iwe mbali kabisa na jiko, hata kopo lililofungwa. Kukunja kutangulie kubandika, maana joto huilegeza gundi.

Gundi ilinitesa wiki nzima. Nilikuwa napaka upande mmoja na kubana papo hapo, kesho yake kipande kinafunguka kama bahasha. Yule mzee alinikalisha kwenye benchi lake akanionyesha: paka huku, paka na huku, halafu acha. "Gusa. Ikikamata kidole, haijaiva." Kwake gundi inaiva, kama chakula. Ikiacha kunata kidoleni ndipo unakutanisha, na ukutanishe kwa uangalifu kwa sababu zikishikana huwezi kusogeza. Kwake ilichukua kama dakika 10. Kwangu, unyevu wa masika ulipozidi, ilipita 20. Nilifanyia kazi barazani, maana harufu yake ndani ya chumba inaumiza kichwa.

Mikanda ya tumboni niliipanga wa juu ukiulalia wa chini, kama mabati ya paa, nikaishikiza kwa ndani kwenye tepe za mkoba, si kuigundisha yenyewe kwa yenyewe. Warumi walifanya hivyo kwa ngozi. Faida yake unaiona mtu anapoinama: mikanda inaingiana na kufunguka, tumbo linapumua. Ubavuni niliweka velkro ya viatu vya watoto, na mzee akaipitisha uzi wa viatu kwa sababu gundi peke yake haihimili kuvutwa kila mara.

Siku moja niliianika deraya ya kwanza juu ya bati la banda la kuku ikauke upesi. Jua la saa sita likailegeza, kifua kikawa bapa. Ilibidi nirudi kwenye jiko na ndoo.

Rangi niliifanya kwa siku mbili. Kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, nikaipaka mara nne, ili rangi isizame. Kisha nyeusi yote. Fedha nikaigusisha juu juu kwa kipande cha sponji karibu kikavu, nyeusi ikabaki kwenye mifereji. Ukipaka fedha tupu inaonekana sufuria mpya, haionekani silaha.

Chapeo, yaani kofia ya vita, ya akida, mkuu wa askari mia, ilinipa furaha kuliko zote. Kishungi chake hukaa kwa kukingama, sikio hadi sikio, nami nilikitengeneza kwa nywele za ufagio mwekundu wa nailoni.

Tulipima deraya nzima kwenye mizani ya duka la jirani, haikufika kilo moja, wakati za chuma zinazotengenezwa leo kwa kuiga zile za kale hufikia kilo 9 hivi. Ila ina joto. Nilitoboa matundu kwapani na mgongoni, nikaweka kitambaa cha pamba ndani, na kila kijana alikunywa maji kabla ya kuvaa.

Mwaka huu mvua ilinyesha tena, kituo cha nne. Maji yalitiririka juu ya mabega yao yakaanguka chini. Chini ya msalaba akida alipiga goti, akainamisha kichwa, na hakuna kilichofunguka. Nilimtazama mtoto mmoja aliyeshika kanga ya mama yake. Alikuwa kimya, macho yote kwa akida. Deraya sasa zimetundikwa stoo, zimejazwa magazeti ndani zisibonyee, na vipimo vya kinga za miguu nimeshavichora kwenye karatasi.