Usiku ule AC ilipojaa maji

Mama alikuwa na siku ya tatu tu toka atoke hospitali, mshono haujakauka, na daktari alishatuambia asikae kwenye joto jasho likamloweshea kidonda. Ndo maana tukaazima ile AC ya matairi, zile za kusukuma chumba hadi chumba, zina mpira mnene nyuma unaoutoa dirishani upeleke joto nje. Siku mbili za mwanzo ilipiga kazi vizuri mno, mama akawa analala mpaka asubuhi.

Siku ya tatu mvua ikanyesha kutwa, halafu jioni joto likarudi lile la kunata, hata shuka ukiligusa kama limeanuliwa kabla halijakauka. Wageni wanaingia wanatoka, mlango hautulii, na mimi nikaacha dirisha wazi kidogo nikijua namsaidia mama apate hewa safi.

Saa nane usiku nasikia, "Mwanangu, mbona hiyo mashine imenyamaza?"

Kweli, kimya, kwenye kioo chake imeandika P1 na inalia. Nikazima kwa rimoti, nikawasha, ikalia tena, nikarudia mara tatu huku namwona mama ameanza kujipangusa shingo, moyo unanienda mbio. Mdogo wangu akaja akaisogeza kidogo tu, wote tukasikia maji yanacheza ndani. Haijaharibika, imejaa!

Nikainama haraka nikashika kizibo cha kutolea maji. Ekstensheni ilikuwa palepale sakafuni, hata hatua moja haifiki, na plagi bado ina umeme. Mdogo wangu akanidaka mkono, "Dada, chomoa kwanza." Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Tukachomoa, ekstensheni tukaipandisha juu ya kiti.

Sasa kasheshe, kile kizibo cha raba kiko chini kabisa, vidole viwili tu toka sakafuni, beseni haliingii, sufuria haiingii. Ukiilaza mashine ndo mbaya zaidi, maji yanaingia kwenye umeme wake. Tukapata trei bapa ya kuokea. Nikatoa kizibo, maji yakatoka kwa kasi, ya baridi, yana vumbi la kijivu, trei ikajaa nikaziba kwa dole gumba, mdogo wangu akaenda kumwaga akarudi, nikaachia tena. Mama kitandani anahesabu, "Ya tatu hiyo... ya nne..."

Huku tunamwaga mdogo wangu ananielewesha, yeye mambo haya anayajua. Kumbe yale maji yanatoka kwenye hewa yenyewe, unyevu unagusa mabomba ya baridi unageuka matone, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho nje. Siku za kawaida mashine inayarusha kwenye mabomba yake ya moto yanakuwa mvuke, yanatokea kwenye ule mpira, ndo maana siku mbili zile hatukuona hata tone. Unyevu ukizidi inashindwa, maji yanapanda, kuna boya ndani likiinuka linakata kompresa, ile pampu inayoleta baridi, maji yasije yakafurika chumbani. Na kwa vile ule mpira unatoa hewa nje muda wote, chumba kinavuta nyingine kupitia kila upenyo. Hapo nikaliangalia dirisha langu nikanyamaza. Nilikuwa naipakia maji mwenyewe toka mchana.

Trei ya nane ilitoka nusu. Nikakandamiza kizibo mpaka kikashika, nikadeki pale chini, nikapapasa sakafu kwa kiganja kuhakikisha pamekauka, ndo tukachomeka. Feni ikaanza lakini hewa bado ya vuguvugu, mdogo wangu akasema kompresa inasubiri kama dakika tatu ndo iwake, usiiguse. Dakika tatu zile zilikuwa ndefu jamani, nampepea mama kwa kipande cha boksi.

Ikaunguruma. Mama akasema, "Haya, trei saba na nusu," akafumba macho, na mimi nikaenda kufunga dirisha.