Barabara tunayo, gari la kurudi ndo hakuna

Shangazi yangu ana presha na miguu inayomsumbua, kliniki yake iko mjini, na kijijini kwake basi ni moja tu kwa siku. Linatoka alfajiri, linarudi saa nane mchana. Sasa we fikiria, anafika hospitali saa mbili, anachukua namba, foleni inajikokota, daktari anaingia anatoka, saa saba na nusu inafika bado kuna watu sita mbele yake. Hapo achague, amuone daktari au awahi gari. Mara ya mwisho aliwahi gari. Akarudi nyumbani bila dawa, kachoka, nauli imeenda bure, alafu ukifungua hesabu za wenye basi yeye ni abiria aliyehudumiwa vizuri tu, kaenda karudi, tiketi mbili.

Hiyo imenikaa kichwani kwa sababu kila ukisikia mtu anaongelea usafiri wa vijijini utaona anaongelea barabara. Kuchonga, kushindilia, kuweka lami, kukata utepe. Sikatai, matope nayajua vizuri mno. Ila lami isiyopita gari ni njia ya kutembelea kwa mguu bila kuchafua viatu, basi. Na usidhani ni wanasiasa tu wenye hiyo akili, kipimo kinachotumika dunia nzima ndo kiko hivyo hivyo. Benki ya Dunia walikitoa 2006, kinaangalia ni watu wangapi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 toka kwenye barabara inayopitika mwaka mzima, masika na kiangazi, na Umoja wa Mataifa wakakichukua kwenye yale malengo yao ya maendeleo endelevu. Ukiwa ndani ya hizo kilomita 2 umeshahesabiwa, hongera. Kama kuna gari linapita hapo, linapita saa ngapi, na linarudi lini, hakuna anayekuuliza. Sasa nenda kwenye malengo hayo hayo upande wa miji, huko wanaangalia kama mtu ana kituo cha basi ndani ya mita 500! Yaani wa mjini anapimiwa basi, wa kijijini anapimiwa barabara. Nilivyoligundua hilo nilicheka, sio kwa furaha lakini.

Jibu tunalopewa kila siku ni kwamba basi la kijijini halina abiria. Ni kweli, panda lile la mchana uone, unaweza kulala kwenye siti tatu. Ila hebu tujiulize wameenda wapi hao abiria. Mwanafunzi akiona basi linamfikisha shule saa moja baada ya kengele, anaacha. Mwenye kibarua kinachoisha jioni hawezi kutumia gari la saa nane, anatafuta pikipiki au anahamia mjini kabisa. Mzee akiachwa mara mbili kituoni hatoki tena, anamtuma mtu. Mwenye gari anaona siti tupu, anapunguza safari, ikishapungua wengine nao wanashindwa kuipangia maisha, wanaacha, anapunguza tena. Mwisho linafutwa, na sababu inayoandikwa ni abiria hakuna. Aliyeshindwa kusafiri hahesabiwi popote, atahesabiwaje na yuko kwake kakaa.

Uingereza wamelipitia hili na wao barabara wanazo. Kuna sheria yao ya usafiri ya 1985, ikaanza kutumika kwenye mabasi Oktoba 1986, ikaachia makampuni yajichagulie ruti nje ya London. London yenyewe hawakuigusa, jiulize kwanini. Kampuni ikachukua ruti inayolipa, ile ya vijijini isiyolipa ikaachiwa halmashauri itoe hela ya kuifidia ikiona inafaa. Ikaenda hivyo miaka, alafu baada ya 2010 bajeti za halmashauri zikakatwa, unadhani walianza kupunguza nini? Hizo ruti. Na ujanja uko hapa, zamani ruti nono ya mjini ilikuwa inaibeba ile nyembamba ya kijijini, ukishazitenganisha ile nyembamba inabaki kama ombaomba, kila mwaka inasimama mlangoni na bakuli. Juzi juzi huko England wakaweka kikomo cha nauli, Januari 2023 ikawa pauni 2 kwa safari, ikaja kupanda 3 mwaka 2025. Kwa abiria anayepitiwa na basi ni nafuu kubwa kweli. Kwa kijiji ambacho basi lilishafutwa ni punguzo la bei kwenye duka lililofungwa.

Uswisi ndo nawaonea wivu. Kule kanuni inasema sehemu yenye wakazi wasiopungua 100 wanaokaa mwaka mzima ina sifa ya kuunganishwa na usafiri wa umma, na hasara inafidiwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Watu 100! Yale mabasi yao ya njano ya posta yanapanda milimani huko mpaka unaogopa kuangalia dirishani, yalianza kutumia injini 1906, kabla ya hapo ilikuwa mikokoteni ya farasi inayobeba barua na watu pamoja. Hapo kuna akili isiyogharimu kitu, kwamba kama kuna gari linaenda kule kwa sababu nyingine, barua, dawa, wanafunzi, basi liweke na siti. Ni nchi tajiri najua, usinirukie. Ila kitu nilichokipenda sio utajiri, ni kwamba wanaanza na swali la nani anakaa pale, faida ya hilo basi inakuja baadaye.

Kuna wanaosema siku hizi tuachane na ruti, mtu apige simu au aingie kwenye programu gari dogo limfuate. Sina ugomvi nalo, sehemu zenye nyumba mbali mbali linasaidia. Ila mengi yanataka ubuking mapema, na mtoto hawaki homa kwa kubuking. Na mtandao wenyewe lazima uwe unashika.

Mimi ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja nisingeomba basi jipya wala zuri. Ningeomba hilo hilo bovu bovu lirudi mara ya pili, saa kumi na moja jioni, kila siku, hata likiwa na watu wanne, na lifanye hivyo mwaka mzima bila kuruka, maana miezi miwili ya majaribio haitoshi, watu wanahitaji muda kuamini gari kabla hawajalipangia kazi au shule. Na kabla ya kuhesabu siti, mtu aende pale kliniki na daftari ahesabu waliokosa tarehe zao na walioondoka kabla ya kuonwa.

Shangazi tarehe yake ijayo kaandikiwa Jumapili, ni zamu maalum sijui ya nini. Basi Jumapili haliendi.